Homoni ya Dakika Mbili na Sindano ya Wiki Moja

Miongoni mwa dawa zilizozungumzwa sana duniani tangu mwaka 2021 zimo zile za kupunguza uzito wa mwili ambazo hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Wapo wanaozisifu kana kwamba ni muujiza, na wapo wanaoziogopa kana kwamba ni sumu. Mwanafunzi wa sayansi anapaswa kwanza kuuliza dawa hizo ni kitu gani, hufanya kazi gani mwilini, na kwa nini sindano moja hutosha kwa siku saba. Swali hilo la mwisho laonekana dogo, lakini ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Atakayeelewa sababu ya siku saba ataelewa pia kwa nini dawa huanzishwa kwa kipimo kidogo, kwa nini uzito hurudi inapoachwa, na kwa nini ni hatari mtu kujidunga bila ya daktari.

Unene wa kupindukia

Madaktari hupima unene kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilogramu na kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mtu mzima ambaye jawabu lake ni 30 au zaidi huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia kiwango hicho akiwa na kilogramu 76.8. Kipimo hiki hakitofautishi mafuta na misuli, kwa hiyo daktari hukitumia pamoja na vipimo vingine. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja, yaani mtu mmoja katika kila wanane, walikuwa na unene wa namna hiyo. Unene huo huongeza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa unene ni matokeo ya ulafi na uvivu peke yake. Utafiti umeonyesha kuwa mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Mtu anapokonda, leptini hupungua, njaa huzidi, na mwili hutumia nishati kwa uchache zaidi kuliko ulivyotarajiwa. Mwili, kwa hakika, huitetea akiba yake. Tabia hiyo iliwafaa binadamu katika zama za njaa za mara kwa mara, lakini humsumbua yule anayejaribu kupunguza uzito mahali penye chakula tele.

Utumbo unavyolipasha habari kongosho

Chimbuko la dawa hizi liko katika utumbo. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, wa Chuo Kikuu cha London, walikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho. Kongosho lilitoa maji yake ya kumeng'enya chakula kama kawaida. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa imekatwa, habari haikuwa na njia nyingine ila damu. Mwaka 1905 Starling alianza kulitumia neno homoni kwa kemikali zinazopeleka habari kwa njia hiyo.

Mwaka 1964 jambo jingine la ajabu lilidhihirika. Watafiti waliwapa watu glukosi kwa njia mbili: kwa kuinywa, na kwa kuingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu. Glukosi iliyonyweka ilisababisha insulini nyingi zaidi kutoka katika kongosho. Ilikuwa wazi kwamba utumbo, unapopokea chakula, hulitahadharisha kongosho kabla sukari haijajaa katika damu.

Mmoja wa wajumbe hao wa utumbo ulijulikana katika miaka ya 1980. Katika maabara ya Joel Habener mjini Boston, jeni la glukagoni la samaki mmoja wa baharini lilisomwa, ikaonekana kuwa lina maelezo ya homoni zaidi ya moja. Uchunguzi wa wanyama wanyonyeshao ulifuata, na humo ikapatikana peptidi iliyoitwa peptidi ya kwanza inayofanana na glukagoni, au kwa kifupi GLP-1. Mwaka 1987 Svetlana Mojsov na wenzake huko Boston, na Jens Juul Holst na wenzake huko Copenhagen, walionyesha kuwa umbo fupi la peptidi hiyo huliamsha kongosho kutoa insulini.

Kazi za GLP-1 zinazojulikana ni nne. Kwanza, huliongezea kongosho utoaji wa insulini, lakini pale tu glukosi inapozidi katika damu. Pili, hupunguza glukagoni, homoni inayolifanya ini kumwaga sukari. Tatu, hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni kwenda utumboni. Nne, hugusa vipokezi vilivyo katika ubongo, hasa katika haipothalamasi na shina la ubongo, na mtu akajisikia ameshiba. Kazi mbili za kwanza ndizo zilizowavutia watafiti wa kisukari, na ile ya nne ndiyo iliyofungua njia ya kutibu unene.

Kikwazo cha dakika mbili

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba palibaki kuitengeneza GLP-1 na kuwadunga wagonjwa. Haikuwa hivyo. Homoni hiyo ni mnyororo wa asidi amino 30, na katika damu kuna kimeng'enya kiitwacho DPP-4 ambacho huukata mnyororo huo karibu na mwanzo wake. Figo nazo huichuja haraka. Matokeo yake ni kwamba nusu ya homoni iliyomo katika damu hupotea kwa muda wa dakika mbili hivi.

Muda ambao kiasi cha kitu hupungua kwa nusu huitwa nusu-uhai. Mwanafunzi wa fizikia amekwisha kuukuta katika somo la madini ya mnunurisho, na hesabu yake hapa ni ile ile. Kwa saa moja, yenye dakika 60, kiasi cha GLP-1 hugawanywa kwa mbili mara 30. Mbili ikizidishwa yenyewe mara 30 hupatikana 1,073,741,824. Yaani baada ya saa moja hubaki chini ya sehemu moja katika bilioni. Dawa ya namna hiyo ingempasa mgonjwa aishi amefungwa mpira wa dripu usiku na mchana.

Wala haingefaa kumezwa kama kidonge cha kawaida. Peptidi ni jamaa ya protini, na tumbo huishughulikia kama linavyoshughulikia nyama au maharagwe, kwa kuivunja. Tangu mwaka 2019 vimekuwapo vidonge maalumu vya dawa za jamii hii kwa wagonjwa wa kisukari. Vidonge vya kwanza vilimezwa kila siku kwa kipimo cha hadi miligramu 14, yaani 98 kwa wiki, hali sindano ya dawa hiyo hiyo kwa wagonjwa hao haizidi miligramu 2 kwa wiki. Sehemu kubwa ya kilichomezwa haifiki katika damu.

Msaada kutoka kwa mjusi

Katika majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani na kaskazini ya Meksiko huishi mjusi mnene mwenye sumu, ambaye jina lake la kisayansi ni Heloderma suspectum. Mwaka 1992 John Eng, daktari mtafiti katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx, New York, alitangaza kuwa katika sumu ya mjusi huyo amepata peptidi ya asidi amino 39 inayofanana na GLP-1 kwa karibu nusu ya mpangilio wake. Katika nafasi ya pili ya mnyororo, mahali ambapo homoni ya binadamu ina alanini, peptidi ya mjusi ina glaisini. Tofauti hiyo ndogo humzuia DPP-4 asikate. Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa dawa ya eksenatidi, iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 2005 kwa kisukari cha aina ya pili. Ilidungwa mara mbili kwa siku.

Wakati huo huo wakemia wa kampuni ya Novo Nordisk nchini Denmark, wakiongozwa na Lotte Bjerre Knudsen, walifuata njia nyingine. Waliifunga homoni ya binadamu na asidi ya mafuta. Asidi hiyo hushikamana na albumini, protini iliyo nyingi katika damu, na kwa kushikamana nayo homoni husalimika na figo na vimeng'enya. Dawa iliyopatikana, liraglutidi, ina nusu-uhai wa saa 13 hivi, na hudungwa mara moja kwa siku. Mwaka 2014 iliruhusiwa nchini Marekani kwa kupunguza uzito. Mwaka 2024 Habener, Mojsov na Knudsen walipewa kwa pamoja tuzo ya Lasker kwa kazi zao.

Dawa iliyofuata, semaglutidi, iliyakamilisha mawazo hayo kwa mabadiliko matatu. Asidi amino ya nafasi ya pili ilibadilishwa ili DPP-4 ashindwe kukata. Asidi amino nyingine ilibadilishwa ili asidi ya mafuta ishike mahali pamoja tu. Kisha asidi ya mafuta iliyo ndefu zaidi iliunganishwa ili kuishika albumini kwa nguvu. Nusu-uhai wake ni karibu wiki moja. Wiki moja ina dakika 10,080. Ukilinganisha na dakika mbili za homoni ya asili, muda umerefushwa mara 5,000 hivi. Nchini Marekani dawa hii iliruhusiwa kwa kisukari mwaka 2017, na kwa kupunguza uzito mwaka 2021.

Hesabu ya punje za mahindi

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa punje za mahindi na bakuli. Bakuli ni mwili, na kila sindano ya wiki ni punje 32. Kila wiki inapopita, nusu ya punje zilizomo hutolewa, kisha punje 32 za sindano mpya hutiwa.

Baada ya sindano ya kwanza zimo punje 32. Wiki ikipita hubaki 16. Sindano ya pili huzifanya 48. Wiki ikipita tena hubaki 24. Sindano ya tatu huzifanya 56. Vivyo hivyo sindano ya nne hufikisha 60, ya tano 62, na ya sita 63. Darasa litaona kuwa idadi hukaribia 64 lakini haipiti hapo, kwani punje zinazotoka kila wiki zimekuwa karibu sawa na zinazoingia. Hali hiyo ya kulingana hufikiwa baada ya muda wa nusu-uhai nne au tano. Ndiyo sababu daktari hawezi kuyapima matokeo ya kipimo fulani baada ya sindano moja.

Hatua ya pili ni kuacha kutia punje mpya. Bakuli lenye punje 64 hubaki na 32 baada ya wiki ya kwanza, kisha 16, 8, 4, na 2 baada ya wiki ya tano. Kwa hiyo mwezi mzima baada ya sindano ya mwisho dawa bado imo mwilini, ingawa ni kidogo.

Hesabu hii ina funzo la tiba. Semaglutidi ya kupunguza uzito huanzishwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki. Kila baada ya wiki nne kipimo hupandishwa, hadi 0.5, kisha 1.0, kisha 1.7, na hatimaye 2.4. Mwili hupewa miezi minne wa kuizoea, kwa kuwa kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni madhara ya kawaida, nayo hutokea zaidi kipimo kinapopandishwa. Ichukuliwe sasa kuwa mtu asiye na subira amejidunga miligramu 2.4 siku ya kwanza. Baada ya wiki moja atakuwa na 1.2, baada ya wiki mbili 0.6, na baada ya wiki tatu 0.3. Wiki tatu zitapita kabla kiasi kilichomo hakijakaribia kile alichopaswa kuanza nacho. Kutapika kwa mfululizo hukausha maji ya mwili na kunaweza kuzidhuru figo, na hakuna njia rahisi ya kuitoa dawa iliyokwisha kuingia. Sifa ile ile inayomwondolea mgonjwa adha ya sindano za kila siku ndiyo inayolifanya kosa la kipimo lidumu.

Matokeo ya majaribio

Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu wazima 1,961 wenye uzito uliozidi na wasio na kisukari. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Baadhi yao walidungwa semaglutidi miligramu 2.4 kila wiki, na wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki 68 waliopata dawa walikuwa wamepunguza asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wastani, na wale wengine asilimia 2.4. Mwaka 2022 dawa nyingine ya wiki, tirzepatidi, ambayo hugusa vipokezi vya homoni mbili za utumbo, ilionyesha upungufu wa asilimia 20.9 kwa kipimo chake kikubwa baada ya wiki 72.

Kupungua uzito si mwisho wa swali. Muhimu zaidi ni kama maradhi hupungua. Mwaka 2023 jaribio la watu 17,604 wenye maradhi ya moyo na mishipa, wenye uzito uliozidi lakini wasio na kisukari, lilionyesha kuwa semaglutidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya maradhi hayo, mishtuko ya moyo na kiharusi vikihesabiwa pamoja. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hii katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene pamoja na maradhi ya moyo au ya figo.

Dawa inapoachwa

Baadhi ya washiriki wa lile jaribio la mwaka 2021 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa. Walirudisha takriban theluthi mbili za uzito walioupoteza. Mtu wa kilogramu 100 aliyeshuka hadi 85, kwa kadiri hiyo, angerudi hadi 95.

Bakuli la mahindi limekwisha kueleza sababu. Dawa haiuponyi mwili tabia ya kuitetea akiba yake. Huizuia maadamu imo ndani. Punje zikiisha, njaa hurudi, na leptini iliyopungua huisaidia. Hivyo dawa hizi zinafanana na dawa za shinikizo la damu, ambazo mgonjwa hutumia kwa miaka, kuliko dawa ya malaria, ambayo humalizwa kwa siku chache. Anayeanza matibabu haya hana budi kuulizwa mapema kama ataweza kuyaendeleza na kuyagharimia. Chakula bora na mazoezi havipotezi umuhimu wake, kwani sehemu ya uzito unaopungua ni misuli, nayo huhifadhiwa kwa kula protini ya kutosha na kuifanyisha kazi.

Tahadhari

Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari kwa sababu zinazoeleweka. Hazifai kwa mwanamke mwenye mimba, na anayekusudia kupata mimba hutakiwa kuiacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Mwalimu atatambua kuwa nusu-uhai ndio uliopanga miezi hiyo. Haziruhusiwi kwa mtu ambaye yeye au ndugu zake wa damu wamepata aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo. Mara chache huleta mawe katika kifuko cha nyongo au uvimbe wa kongosho. Zikichanganywa na insulini zinaweza kuishusha mno sukari ya damu. Kabla ya kutumiwa huhifadhiwa katika jokofu kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi bila kugandishwa, maana peptidi huharibika kwa joto.

Hatari nyingine ni dawa za kughushi. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia iliyopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 nchini Austria watu kadhaa walilazwa hospitali baada ya kujidunga dawa bandia iliyoshukiwa kuwa ni insulini. Insulini huishusha sukari hata kwa mtu asiye na ziada, na inaweza kuua. Kijana anayeuziwa kalamu ya sindano sokoni au kwa njia ya simu hana namna ya kujua kilichomo. Nchini Tanzania usajili na ukaguzi wa dawa ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na nchini Kenya ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa isiyopitia mikononi mwa wenye dhamana haijulikani ni nini.

Aidha, mwanafunzi asiye na ugonjwa hana haja ya kuupunguza mwili unaokua kwa ajili ya kusifiwa umbo. Mahitaji yalipozidi uzalishaji kuanzia mwaka 2022, wagonjwa wa kisukari nchini Marekani na kwingineko waliikosa dawa yao. Kila dawa iliyo adimu inapotumiwa na asiyeihitaji, yuko anayeihitaji aliyekosa.

Maswali ya zoezi

1. Nusu-uhai wa tirzepatidi ni siku 5 hivi. Ni sehemu gani ya dawa hubaki mwilini siku 20 baada ya sindano ya mwisho?

2. Mtu ana urefu wa mita 1.50 na uzito wa kilogramu 72. Tafuta uwiano wa uzito na urefu wake. Akipunguza asilimia 15 ya uzito wake, uwiano huo utakuwa ngapi?

3. Rudia zoezi la punje za mahindi kwa dawa ambayo robo tatu yake hupotea kila wiki. Idadi ya punje baada ya kila sindano hukaribia ngapi?

4. Eleza jinsi jaribio la Bayliss na Starling lilivyothibitisha kuwa habari haikupitia mishipa ya fahamu.

5. Dawa ikiwa haiwatoshi wote, ni mgonjwa yupi apewe kwanza? Jadili kwa kutumia matokeo ya majaribio yaliyoelezwa hapo juu.

Majibu ya hesabu: (1) sehemu moja ya 16, (2) 32, na 27.2, (3) punje 43 hivi.